Mkate wa Rai, Sukari ya Damu na Shibe Inayochelewa

Mazungumzo haya yanahusu mkate unaookwa kwa unga wa rai, nafaka ya jamii moja na ngano na shayiri ambayo hustawi katika nchi za baridi za kaskazini na mashariki mwa Ulaya, na namna mkate huo unavyogusa mambo mawili ambayo kila mlaji huyafahamu, yaani sukari ya damu na hamu ya kula. Husemwa mara nyingi kwamba mkate huu unafaa kwa sababu una nyuzinyuzi nyingi, na pia kwa sababu haupandishi sukari. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zilipopimwa maabarani zilionekana kuwa pungufu, kwa kuwa faida kubwa ya mkate wa rai inatokana zaidi na umbile la mkate wenyewe kuliko wingi wa nyuzinyuzi, na inajitokeza zaidi katika kazi inayofanywa na mwili kuliko katika kilele cha sukari ambacho watu wengi hukitazama.

Rai huvumilia baridi kali, udongo wa kichanga na udongo wenye asidi, na ndiyo maana kwa karne nyingi ilikuwa chakula cha watu wa kawaida mahali ambapo ngano ilishindwa kuota vizuri. Nchini Finland mkate wa rai una heshima kubwa kiasi kwamba mwaka 2017, nchi hiyo ilipotimiza miaka 100 ya uhuru, wananchi waliupigia kura ukawa chakula chao cha taifa. Wadenmark wana mkate wao uitwao rugbrød, mzito, wenye punje zinazoonekana kwa macho, ambao hukatwa vipande vyembamba na kupangiwa samaki, nyama au mayai juu yake. Katika eneo la Westphalia nchini Ujerumani huokwa Pumpernickel, mkate mweusi ambao kwa kanuni za nchi hiyo hauna budi kukaa katika joko kwa muda usiopungua saa 16, na weusi wake hutokana na sukari na protini za nafaka kuathiriana polepole katika mvuke na joto dogo.

Ili kuelewa mkate huu hufanya nini mwilini, ni lazima kwanza kueleza maana ya nafaka isiyokobolewa. Punje ya nafaka ina sehemu kuu tatu, yaani ganda la nje ambalo likisagwa huwa pumba, kiini ambacho ndicho mche utakaoota, na sehemu ya ndani iliyojaa wanga ambayo ni akiba ya chakula cha mche huo. Unga mweupe hupatikana pale pumba na kiini vinapoondolewa ukabaki wanga mtupu au karibu mtupu, ilhali unga wa nafaka isiyokobolewa hubaki na sehemu zote tatu, na msikilizaji wa Tanzania anaijua tofauti hiyo anapochagua kati ya sembe na dona. Ndani ya pumba, na kwa rai hata ndani ya sehemu ya wanga, mna nyuzinyuzi, ambazo baadhi ya wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo, yaani sehemu za mmea ambazo vimeng'enya vya binadamu, vile vichocheo vinavyovunjavunja chakula, haviwezi kuzimeng'enya katika utumbo mdogo. Miongoni mwa nafaka zinazoliwa sana duniani, rai ni mojawapo ya zile zenye nyuzinyuzi nyingi zaidi, kwani gramu 100 za mkate wa kienyeji wa Finland huwa na takriban gramu 10 za nyuzinyuzi au zaidi, hali mkate mweupe wa ngano huwa na gramu 3 hivi.

Mtu anapokula mkate wa aina yoyote, wanga wake huvunjwa ukawa glukosi, ile sukari sahili inayopita katika ukuta wa utumbo mdogo na kuingia katika damu. Kiwango cha glukosi kinapopanda, kongosho hutoa insulini, homoni inayoziamuru seli za misuli na za mafuta kuipokea sukari hiyo na inayolizuia ini lisiongeze nyingine. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto nchini Kanada walipendekeza kipimo kiitwacho fahirisi ya glaisemia, ambacho hulinganisha vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu katika saa mbili baada ya kuliwa, glukosi safi ikipewa alama 100. Kwa kipimo hicho mkate mweupe wa ngano hupata wastani wa alama 75, na mkate wa ngano isiyokobolewa, ambao wengi huununua wakidhani umetofautiana sana na ule mweupe, hupata wastani wa alama 74. Pumpernickel hupata alama zinazokaribia 50. Takwimu hizo tatu zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba kuwepo kwa pumba katika unga hakutoshi peke yake kupunguza kasi ya sukari, kwa sababu pumba zikisagwa laini zikachanganywa katika mkate mwepesi uliojaa mapovu ya hewa, wanga uliomo humo huendelea kufikiwa na vimeng'enya kwa urahisi uleule.

Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuopio nchini Finland, na matokeo yao yaliwashangaza hata wale waliotarajia kuona faida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, sukari ya watu wenye afya njema waliokula mkate wa rai ilipanda karibu sawa na ilivyopanda walipokula mkate wa ngano, lakini insulini waliyoitoa ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa chuo hichohicho walilinganisha mkate wa ngano iliyokobolewa na mikate kadhaa ya rai yenye viwango mbalimbali vya nyuzinyuzi, ukiwemo uliookwa kwa sehemu ya wanga peke yake, na wakaona kwamba mikate yote ya rai ilihitaji insulini ndogo bila kujali wingi wa nyuzinyuzi zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden nao walichapisha mwaka 2009 matokeo yanayofanana na hayo, kwamba mkate wa rai nyeupe, yaani rai iliyoondolewa pumba, ulidai insulini ndogo kama ulivyodai mkate wa rai nzima.

Yawezekanaje sukari ipande sawa na insulini ipungue? Jibu linapatikana mtu akikumbuka kwamba kiwango cha sukari katika damu ni kama kina cha maji katika tangi lenye bomba la kuingizia na bomba la kutolea, ambapo kina kimoja kinaweza kupatikana ama mabomba yote mawili yakiwa yamefunguliwa kwa nguvu, ama yote mawili yakiwa yanapitisha maji kidogokidogo. Mkate mweupe huingiza glukosi kwa kasi, na kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi ili glukosi hiyo iondoke katika damu kwa kasi ileile. Mkate wa rai huiingiza kwa utaratibu, hivyo insulini kidogo hutosha kuiondoa. Tofauti huonekana wazi zaidi baadaye, kati ya saa ya pili na ya tatu, kwa sababu insulini nyingi iliyotolewa baada ya mkate mweupe huendelea kufanya kazi hata glukosi ya utumboni ikiwa imekwisha, na mara nyingi huishusha sukari chini ya kiwango kilichokuwepo kabla ya kula, ilhali sukari ya aliyekula rai hushuka taratibu. Mteremko huo wa ghafla unadhaniwa kuwa miongoni mwa mambo yanayomrudishia mtu njaa mapema.

Kiini cha suala, basi, ni kwa nini wanga wa mkate wa rai huachia glukosi polepole. Ngano ina gluteni, mchanganyiko wa protini ambao unga ukikandwa hufanya utando unaovutika na kushika hewa inayotolewa na hamira, na utando huo ndio unaoufanya mkate wa ngano ufure na kuwa kama sifongo. Protini za rai haziwezi kufanya utando wa namna hiyo, hivyo kinachoshikilia donge la rai ni nyuzinyuzi zinazonyonya maji mengi na kuwa kama ute mzito, hasa zile ziitwazo arabinozailani. Mkate unaotokana na donge hilo huwa mzito na wenye matundu madogo, chembechembe za wanga zikiwa zimesongamana na sehemu ya wanga iliyovuja wakati wa kuoka ikiwa imezizunguka na kugandamana nazo. Mkate wa ngano unapotafunwa na kufika tumboni huvunjika haraka kuwa vipande vidogo, lakini mkate wa rai hubaki katika madonge makubwa zaidi, na vimeng'enya hulazimika kuula kuanzia nje kuelekea ndani. Pale ambapo punje nzima au zilizovunjwa nusu zimeachwa ndani ya mkate, kazi hiyo huchelewa zaidi, maana ganda la punje lenyewe huwa kizuizi.

Uchachushaji nao una sehemu yake. Mwokaji wa kienyeji hachachushi rai kwa hamira peke yake, bali huanza na kipande cha donge la zamani au rojo la unga na maji lililoachwa siku kadhaa likachacha, ndani yake mkiwa na hamira za asili pamoja na bakteria wanaozalisha asidi ya laktiki, ile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake, na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Donge likishachacha hunata mikononi kama udongo wa mfinyanzi, wala halikandwi sana, bali hupakiwa moja kwa moja katika chombo cha kuokea au kutandazwa kwa mkono uliolowa maji. Asidi hiyo ni ya lazima kwa mwokaji, kwa sababu wanga wa rai hulainika katika joto dogo kuliko wanga wa ngano, wakati kimeng'enya kiitwacho amilesi kilichomo ndani ya nafaka kingali hai, na kama asidi haikukizuia, kimeng'enya hicho huugeuza wanga kuwa sukari na mkate hutoka ukiwa mbichi ndani na wenye kunatanata. Kwa mlaji asidi hiyo ina faida ya pili, kwani watafiti wa Lund walionyesha mwaka 1998 kwamba siki ikiliwa pamoja na mlo wa wanga huchelewesha chakula kutoka tumboni kuingia utumbo mdogo, na hivyo kupunguza kasi ya kupanda kwa sukari.

Kupima hamu ya kula ni kazi ngumu kuliko kupima sukari, kwa kuwa shibe haina kipimo cha damu kinachokubaliwa na wote. Watafiti kwa kawaida humpa mshiriki mstari wenye urefu wa milimita 100, upande mmoja ukiwa na maneno yanayoeleza kutokuwa na njaa kabisa na upande wa pili njaa kuu isiyo na mfano, naye huweka alama mahali anapoona panalingana na hali yake, kisha zoezi hilo hurudiwa kila baada ya muda fulani. Kwa njia hiyo watafiti wa Uppsala nchini Sweden walichapisha mwaka 2009 utafiti ambao washiriki walipewa kifungua kinywa cha mkate wa ngano au cha mikate ya rai iliyookwa kwa sehemu mbalimbali za punje, wakaandika njaa na shibe yao kwa muda wa saa 8, mlo wa mchana wa aina moja ukiwa katikati. Mikate ya rai ilipunguza njaa kuliko mkate wa ngano, ule uliokuwa na pumba nyingi ukiongoza, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba athari hiyo haikuishia asubuhi, bali iliendelea hata baada ya mlo wa mchana.

Kuendelea huko kunahitaji maelezo, maana saa 6 baada ya kifungua kinywa mkate huwa umekwisha kuondoka katika tumbo na kupita utumbo mdogo. Maelezo yanapatikana katika utumbo mpana, mahali ambapo nyuzinyuzi zisizomeng'enywa huwafikia bakteria wengi wanaoishi humo, nao huzichachua na kutoa asidi ndogo za mafuta ziitwazo asetiti, propioneti na butireti. Asidi hizo huchukuliwa na damu na hutumiwa kama nishati, lakini pia huzichochea seli fulani za ukuta wa utumbo kutoa homoni, mojawapo ikiwa ile iitwayo kwa kifupi GLP-1, ambayo huisaidia insulini, hupunguza kasi ya tumbo na hupeleka ujumbe wa shibe kwenye ubongo. Mwaka 2016 watafiti wa Lund walichapisha matokeo ya watu wenye afya njema waliokula mkate wa rai nzima wenye punje wakati wa jioni, na asubuhi iliyofuata, baada ya kifungua kinywa kilekile walichopewa wote, sukari yao ilidhibitiwa vizuri zaidi na hamu yao ya kula ilikuwa ndogo kuliko walipokuwa wamekula mkate mweupe jioni ile. Hapa nyuzinyuzi hurudi na kudai nafasi yake. Umbile la mkate ndilo linalotawala saa za mwanzo, na nyuzinyuzi ndizo zinazotawala saa za baadaye, na ndiyo maana rai nyeupe inaweza kupunguza insulini lakini haiwezi kuleta shibe ndefu kama ile ya rai yenye pumba.

Hata hivyo, matokeo ya siku moja hayapaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo matokeo ya maisha. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden, uliowahusisha watu 242 wenye uzito uliozidi, ambao kwa wiki 12 walikuwa wakijaribu kupunguza uzito, nusu wakila vyakula vya rai yenye nyuzinyuzi nyingi na nusu wakila vyakula vya ngano iliyokobolewa. Kundi la rai lilipungua takriban kilo 1 zaidi ya kundi la ngano, lakini katika mistari ile ya kupimia njaa makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilo moja ni faida halisi, ila si muujiza, na kutolingana kwa uzito na njaa kunaonyesha kwamba kupungua huko huenda hakutokani na shibe tu. Kuhusu kongosho, watafiti wa Kuopio waliwapa wanawake waliokwisha kukoma hedhi mkate wa rai wenye nyuzinyuzi nyingi kwa wiki 8, wakaona kwamba uwezo wa kongosho kutoa insulini ya haraka uliimarika, ingawa usikivu wa mwili kwa insulini haukubadilika.

Kwa upande wa ugonjwa wenyewe, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu zaidi ya 55,000 waliokuwa na umri wa kati ya miaka 50 na 65 walipoanza, kwa takriban miaka 15. Wanaume waliokula nafaka zisizokobolewa kwa wingi zaidi walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo ndogo kwa asilimia 34 kuliko waliokula kidogo zaidi, na kwa wanawake tofauti ilikuwa asilimia 22. Rai ilikuwa sehemu kubwa ya nafaka hizo, kwa kuwa Wadenmark hula sana mkate wao mweusi, lakini ngano nzima na oti nazo zilionyesha faida. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mkate ndio uliozuia ugonjwa, maana anayechagua mkate mweusi mara nyingi huchagua pia mambo mengine mema, ila unakwenda sambamba na yale yaliyoonekana maabarani.

Inafaa ikumbukwe kwamba mjadala mzima wa nyuzinyuzi una mzizi Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda katika Hospitali ya Mulago, na Hugh Trowell, daktari aliyehudumu Kenya na kisha Uganda kwa miongo kadhaa, waliona kwamba maradhi yaliyokuwa ya kawaida Uingereza, kikiwemo kisukari cha ukubwani, yalikuwa haba miongoni mwa wagonjwa wao. Waliporudi kwao walilihusisha jambo hilo na chakula kisichokobolewa, na mwaka 1975 wakahariri kitabu kuhusu wanga uliokobolewa na maradhi. Tafiti za rai zilizofuata zimekubali sehemu ya hoja yao na kuiongezea sharti, kwamba haitoshi kuuliza kama nafaka imekobolewa, ni lazima pia kuuliza imesagwa kwa kiasi gani na imepikwaje. Sharti hilo linahusu kila nafaka, kwani unga wowote usiokobolewa lakini uliosagwa laini sana na kupikwa ukalainika huhifadhi vitamini na nyuzinyuzi zake, ila haulazimiki kuachia sukari polepole.

Kwa mlaji wa mkate huu, popote alipo, rangi si kigezo, kwa kuwa mikate mingine hutiwa rangi kwa shira au kimea kilichokaangwa. Kinachopaswa kutazamwa ni orodha ya viambato, ambapo rai nzima haina budi kutangulia, kisha uzito wa kipande mkononi, punje zinazoonekana, na ukali unaoashiria kwamba donge lilichachushwa kwa njia ya kienyeji. Wenye maradhi ya siliaki, yaani wale ambao utumbo wao huumizwa na gluteni, hawaruhusiwi kula rai, kwa sababu ina protini za jamii hiyohiyo, na wale ambao matumbo yao hujaa gesi kwa urahisi wanashauriwa kuanza na kiasi kidogo, maana fruktani zilizomo katika rai huchachuka haraka utumboni. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au sindano za insulini azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha mkate wa kila siku, kwa sababu chakula kinachoingiza sukari polepole kinaweza kudai kipimo au muda tofauti wa dawa. Tena asivunjike moyo endapo mashine yake ya kupimia sukari itaonyesha tofauti ndogo kati ya mkate mmoja na mwingine, kwani mashine hiyo husoma kiwango cha sukari tu, wala haisomi kiasi cha insulini ambacho kongosho limelazimika kutoa ili kukifikia kiwango hicho, na ni katika upungufu wa kazi hiyo ndipo tafiti nyingi za maabara zimeuona ubora wa mkate wa rai.